Mfalme wa Miezi Sita

Mfalme alifika nyumbani kwangu Oakdale, huku ughaibuni, kwa pikapu yenye ngazi juu na vipande vya mabomba nyuma. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, theluji ya kando ya barabara imekuwa nyeusi kama masizi, nami nimekaa sebuleni ndani ya suti yangu ya kahawia nikingoja watu wa kuja kuposa. Dada yangu ndiye aliyekuwa dirishani. Akafungua pazia kidogo, akalifunga, akalifungua tena.

"Kaka," akasema, "hao wageni wako wamejifunga mapazia."

Nikainuka kwa shida, maana magoti yangu yalistaafu kabla yangu, nikachungulia. Barabarani alisimama mzungu mzee mwenye ndevu, joho jekundu limemfika viatuni, na kichwani taji. Si taji la karatasi la watoto. Taji la shaba, lenye ncha. Kando yake mwanamke wa rika lake, naye na taji lake dogo. Nyuma yao wawili wameshika bendera zenye picha ya simba mwenye mabawa. Na katikati yule aliyekuwa anamtaka binti yangu, amevaa fulana iliyofumwa kwa pete za chuma, inalia chwa chwa kila akipiga hatua, uso mweupe kama unga kwa hofu.

Jirani wa mkabala, mama anayeishi na mbwa wake, alikuwa ameshatoka nje na simu mkononi. Nikafungua mlango nikamwambia hao ni wageni wangu, asiite polisi. Kisha nikaufunga mlango, nikawaacha pale pale kwenye baridi.

Msinielewe vibaya. Kuwaacha nje ni desturi. Kwetu Kisii mtu anayekuja kuposa hafunguliwi mlango kama fundi wa umeme. Anabisha hodi, anaulizwa ni nani, amepotea, anatafuta nini, na anayejibu ni mzee wake, si yeye. Mposaji anafunga mdomo. Akisema neno moja ameharibu. Yule mzee ndiye mdomo wake siku ile, na ndiye shingo yake siku zote zinazofuata. Mambo yakiharibika ndani ya ile nyumba, huyo ndiye unayemwendea.

Ndiyo maana nilimwambia binti yangu: "Aje na mzee wake. Mzee anayemtii. Na waje wamevaa kama watu wao wanavyovaa siku ya heshima." Naye akayafikisha vilevile, neno kwa neno. Kama mnatafuta kosa lilianzia wapi, lilianzia hapo. Yule mtu hana baba. Hana ami, hana babu, hana hata binamu wa kusingizia. Binti yangu alilijua hilo, mimi sikulijua. Basi akaja na mzee anayemtii, wamevaa kama watu wake wanavyovaa siku ya heshima. Huwezi kusema alikosea.

Mimi sikusoma. Darasa la nne, basi, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Hapa nilianza kwa kusugua sakafu za hospitali, nikanunua vani moja ya kubebea wagonjwa wanaokwenda kusafishwa damu, ikazaa ya pili, na leo wenye digrii zao wanaendesha vani zangu na kuniita bosi. Sisemi haya kwa kujigamba. Haya, kwa kujigamba pia. Lakini nasema ili mjue kwamba habari za wazungu wanaocheza zamani sikuzipata kitabuni. Nilikuwa nimeshawaona. Kila mwaka theluji ikiisha, ukipita bustani moja ya Columbia Heights Jumapili, utawakuta watu wazima, wenye ndevu na matumbo, wamejifunga mabati, wanapigana kwa fimbo na kuanguka wenyewe. Mara ya kwanza nilipunguza mwendo nikidhani ni wagonjwa wametoroka mahali. Nyuma nilikuwa nimembeba bibi kizee mmoja mzungu, akanieleza kwamba hao wanacheza enzi za wafalme na ngome, karne nyingi nyuma. Wana wafalme wao, wana mabwana, wana viapo.

Nikamwuliza, "Na nani anacheza yule wa kulima shamba la mfalme?"

Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa natania.

Sasa niseme kwa nini sikucheka siku ile ya posa, maana shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikuwa ameinama kwenye kochi ameshika mbavu. Nina mabinti wawili. Wa kwanza aliolewa kortini, saa ya chakula cha mchana, na mtu ambaye hatukujua hata kwao wapi. Hapakuwa na hodi, hapakuwa na mzee. Mambo yalipoharibika nilizunguka mji huu wote na gari nikitafuta mtu mmoja wa kumwambia, "Mkanye mtoto wenu." Hakuna. Kila mlango niliogonga ulikuwa wa rafiki, na kila rafiki alisema hayamhusu. Leo huyo binti anakaa jimbo la mbali, peke yake, jicho moja halioni vizuri, na huniandikia kwenye simu siku ya Krismasi. Aliyenibakia ni huyu mdogo, muuguzi, anakaa Apple Valley, na tangu mama yake afariki ndiye anayenipigia kila asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Siku ile alikuwa jikoni kwangu anakoroga nyama. Akaniambia bila kuinua macho: "Baba, ukiwafukuza hawa, sitaleta wengine. Na mimi pia usinitafute."

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimesimama. Mbele mfalme, nyuma binti.

Hodi ikapigwa. Shemeji ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, maana siku kama ile siongei Kizungu nyumbani kwangu. Kizungu ni cha kazi.

"Nani?" nikauliza nyuma ya mlango.

Aliyejibu ni malkia, kwa sauti ya mwalimu wa kwaya. Akasema wao ni wasafiri, wametoka mbali, wameona moshi wa nyumba hii wakajua ndani kuna watu wema.

Dada yangu akanigeukia. "Ee! Nani amewafundisha hawa?"

"Moshi gani?" nikasema. "Hapa tunapikia umeme. Mmepotea?"

Kisha mfalme mwenyewe: "Hatujapotea. Tuna kijana wetu, tangu alipoonja maji ya kisima cha hapa hanywi maji ya mahali pengine. Tumekuja kumwona mwenye kisima."

Shemeji akatafsiri, halafu akaongeza yake: "Shemeji, huyu anatushinda. Wapwa zangu wakija kuposa wanasema 'Vipi hapo' na simu iko sikioni."

Na ni kweli. Hapo ndipo nilipoanza kuchoka. Wale watu, kwa mchezo wao, walijua maneno ya kuzunguka, walijua kuinama, walijua kungoja mlangoni na kumwachia mkubwa aseme kwanza, kuliko watoto tuliowazaa na kuwalea sisi. Baridi ile hawakuinung'unikia hata kidogo. Hao ni watu wanaolala kwenye mahema kwa kupenda. Lakini kujua kucheza ngoma ya harusi hakukufanyi kuwa na kwenu. Ningempata wapi huyu, siku ya siku? Ngomeni?

Nikafungua mlango.

Mfalme aliinama ili taji lisigonge fremu. Tukaketi, wao upande wa televisheni, sisi upande wa kochi, wale wa bendera wakabaki wima kama milingoti. Dada yangu akaleta chai. Mfalme akataka kuanza hotuba.

"Mwambie avue hicho kitu," nikamwambia shemeji. "Siongei na taji."

Shemeji akasita. "Shemeji, huenda kwao ni matusi."

"Mwambie."

Mfalme akalivua bila neno, akampa mkewe, naye akalipakata kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Chini yake palikuwa na upara na alama nyekundu kuzunguka paji la uso. Ghafla akawa mtu wa rika langu mwenye mafua.

"Wewe ni nani bila hicho?"

"Fundi wa mabomba," akasema. "Nakaa Maplewood."

"Ufalme ulirithi kwa baba yako?"

"Hapana. Nilishinda pambano."

"Kwa fimbo."

"Kwa fimbo," akakubali, bila aibu.

"Na unatawala mpaka lini?"

"Mpaka Septemba. Sisi hutawala miezi sita, halafu watu wanapigana upya."

Shemeji alishindwa kutafsiri. "Miezi sita! Yule chifu wetu alitawala mpaka meno yakaisha kinywani, na bado watu wakambeba!"

Alipomaliza kumweleza, mfalme naye akacheka. Mimi sikucheka. Namkumbuka yule chifu. Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliobeba kiti chake begani kumvusha mto, na siku aliyoteleza akachapwa pale ukingoni, mbele yetu watoto, na chifu akiwa amekauka, hajalowa hata kiatu. Huyo ndiye mfalme ninayemjua mimi. Hakuwa na joho. Alikuwa na kofia ya kizungu na kiboko.

Nikauliza lile swali ambalo ndilo nililolivalia suti. "Tuseme ni mwezi wa kumi. Ufalme wako umeisha. Mtu huyu amemuumiza binti yangu. Nimwendee nani?"

Mposaji akafungua mdomo, dada yangu akamnyooshea kidole kama anayefukuza paka: "Wewe nyamaza!" Hakuhitaji mkalimani. Akaufunga.

"Mimi," akasema mfalme.

"Wewe ni nani kwake? Si baba. Si ami."

"Alikuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, kujifunza kupigana. Akala kiapo mikononi mwangu. Kwetu, kiapo hicho hakifi na taji."

"Kiapo cha mchezo."

Mke wa mfalme ndiye aliyejibu, polepole, "Mzee, tungeweza kukuonyesha." Wakanionyesha. Yule mtu, mtu mzima wa miaka arobaini anayetengeneza kompyuta za benki, akapiga magoti kwenye zulia langu, pete za chuma zikamwagika sakafuni kama maharagwe. Akaunganisha viganja kama anayesali, na mfalme akavifunika kwa vyake, viganja vikubwa vilivyopasuka kwa maji na baridi. Wakasemezana maneno ya kale. Shemeji akanitafsiria kwa sauti ya chini: mmoja anasema atakuwa mtu wake na kumtumikia, mwingine anasema atamlinda na kumrudi akipotoka. Shemeji hakuwa anacheka tena.

Sitadanganya, mwili ulinisisimka. Kisha nikachoka zaidi. Nimeshaona watu wakilia kwenye sinema, halafu taa zikiwaka wanatafuta funguo za gari.

"Sijakataa," nikasema, "na sijakubali. Nendeni na taji lenu. Siku ufalme wako ukiisha, ukiwa fundi tu na hakuna anayekuinamia, ukiona bado una shughuli na mlango huu, uje. Hapo nitajua wewe ni mzee wake."

Waliinuka kwa adabu, wakainama, wakatoka. Binti yangu alitoka jikoni akiwa na koti mkononi. Akanisemesha kwa Kizungu, lugha anayoitumia akiwa na hasira, kwamba hiyo haikuwa desturi, ilikuwa kiburi changu. Akaingia kwenye gari lake na yule mtu, nikasikia zile pete za chuma zikilia mpaka mlango ukafungwa. Nyama ilikuwa bado motoni.

Kesho yake asubuhi simu haikulia. Wala kesho kutwa.

Dada yangu hakuninyamazia. "Umempoteza mtoto kwa sababu ya kofia," aliniambia kila alipokuja kuniletea mboga. Mimi nilimjibu kwamba nimeuliza swali moja tu, na kama swali moja linavunja posa, posa yenyewe ilikuwa ya vioo. Alisema, "Haya, endelea kuwa na haki peke yako hapa ndani." Nikaendelea. Ukiwa na haki peke yako, nyumba ina mwangwi. Nilikuwa nikiamka, naweka simu kando ya kikombe, nakunywa chai, naiondoa.

Mwezi wa nane dada yangu akanitajia mahali ambapo ningemkuta binti yangu. Ni shamba la mtu, kusini mwa mto unaopita mjini kwetu, ambalo wale watu hukodi wiki nzima kuishi kama enzi zao. Nikawasha gari. Sikwenda kuomba msamaha, nilikwenda kuona.

Kitu cha kwanza kilichonipokea ni moshi wa kuni. Miaka yote niliyokaa hapa sikuwa nimesikia moshi wa kuni ukiwa umeshikana na nguo zenye unyevu. Mahema meupe mpaka mwisho wa shamba, watu wanasuka vikapu, wanasokota sufu, mmoja anasaga nafaka kwa jiwe huku jasho linamtoka na anatabasamu. Mtoto wa mtu anakimbiza kuku. Kila kitu nilichokikimbia kilikuwa pale, kimeoshwa, kimeanikwa juani. Wameipeta zamani kama wimbi. Kiboko wamekipeperusha, surua wameipeperusha, mtu wa kodi wamempeperusha, wamebaki na punje tupu kwenye ungo. Nani asingetaka kuishi humo? Na Jumapili jioni wanapakia kwenye gari wanarudi kwenye maji ya moto.

Ndipo nikamwona binti yangu. Amevaa gauni refu la rangi ya tufaha bivu, kitambaa kichwani, na begani mti wenye ndoo mbili za maji, moja kila upande. Anatembea kwa hatua ndogo ili yasimwagike. Muuguzi wangu. Shule niliyomlipia.

"Mama yako alikimbia hiyo ndoo," nikasema.

Hakushtuka. Akatua mzigo. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Ndio nini hii?"

"Maji ya jikoni. Ni zamu yangu."

"Na humu wewe ni nani? Mtumishi wa nani?"

"Si mtumishi. Mimi ni binti wa mfanyabiashara wa Kilwa. Pwani kulikuwa na masultani enzi hizo, Baba, na nyumba za mawe, na sarafu zao wenyewe. Nimesoma yote."

"Kilwa!" Nilicheka bila kupenda. "Babu yako aliona ziwa kwa mbali akasema ule ni ukungu. Sisi ni watu wa milimani, watu wa ndizi."

"Najua."

"Sasa unajitengenezea babu mwingine?"

Akafuta mikono kwenye gauni, akanitazama kama anavyotazama mgonjwa asiyetaka sindano. "Na wewe? Harusi ya binamu yangu mlitupigisha magoti tuwamiminie wazee pombe kutoka kwenye kibuyu kilichoagizwa mtandaoni. Pombe ilichachukia kwenye ndoo ya plastiki garajini. Sare zetu zilishonwa Uchina. Bibi alivaa vile?"

"Bibi yako alikuwa na gauni moja."

"Basi."

Nikanyamaza. Si kwa kushindwa, jua lilikuwa kali. Lakini njiani kurudi nilikumbuka kwamba kile kibuyu ni mimi niliyekichagua, kwenye simu, na nilichukua kile chenye shanga kwa sababu kilionekana cha zamani zaidi. Nyumbani kwa baba yangu hapakuwa na kibuyu chenye shanga. Palikuwa na debe.

Kabla sijaondoka alikuwa amenipa maji kwa kikombe cha mbao. Nikamwuliza, nikitazama kikombe, "Huyo mtu wako ana ubaya gani? Kila mtu ana wake."

Akasema, "Si ulitaka mzee wake? Hayo utayasikia kwake." Akajitwisha ndoo zake. Angalau aliongea nami kwa Kiswahili.

Septemba ikafika, ikapita. Sikuona mtu. Nilijiambia, unaona? Taji limekwenda na mtu amekwenda nalo. Ningefurahi kwamba nilikuwa sahihi, lakini furaha hiyo sikuiona mahali. Wiki moja ya mwezi wa kumi madereva wangu wawili waliugua, nikaendesha vani mwenyewe tangu alfajiri, kubeba watu na viti vyao vya magurudumu kwenye mvua. Jioni nilikuwa nimekaa na viatu miguuni, sina nguvu ya kuvivua, hodi ikapigwa.

Alikuwa amevaa suruali ya kazi yenye pedi magotini, kofia ya sufu, na koti lenye matope. Hakuna mke, hakuna bendera, hata yule mposaji hakuja. Alisimama pale barazani, maji yanamtiririka, akangoja niulize.

"Nani?" nikasema. Tulikuwa tunatazamana kabisa.

"Fundi wa mabomba."

"Umepotea?"

"Hapana. Nimechelewa. Nilivunjika ubavu siku niliyopoteza." Akagusa upande wa kifua. "Mshindi ana miaka ishirini na minane. Mpumbavu kidogo. Atafaa."

Nikamwacha aingie. Hapakuwa na shemeji wa kutafsiri, nikaongea Kizungu changu cha kubebea wagonjwa, kikatosha. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, kofia mkononi, na hakuanza na kisima wala moshi.

"Sikuja kumsifu," akasema. "Nimekuja kukuambia kitu ambacho ulipaswa kukisikia ile siku ya kwanza, ila kulikuwa na watu wengi. Baba yake alipokufa, kijana wangu alikunywa pombe. Si kidogo. Miaka miwili. Alipoteza kazi, akapoteza nyumba. Alilala kwenye sakafu ya chini nyumbani kwangu, na kuna usiku nilimfungia mlango kwa nje na kukaa upande wa pili mpaka kukacha. Sasa ni miaka tisa hajagusa. Binti yako anajua yote."

Akaigeuza kofia mikononi, akaendelea.

"Akirudia, mimi nitajua kabla yako, namfahamu anavyokuwa. Nitakupigia simu kabla hujanipigia. Hicho ndicho ninachoweza kukupa. Zaidi ya hapo ningekuwa nakudanganya."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nilimtazama yule mzee akifinyanga kofia yake. Kwetu mzee wa kweli ndiye anayekuletea ubaya wa mtoto wake mkononi, kabla hujauona mwenyewe, kwa sababu ameshaupima na yuko tayari kuushika upande mmoja. Wenye kusifu nimeshawaona. Walikula, wakapigwa picha, wakaenda.

"Ulimfungia kwa nje?" nikauliza.

"Kwa kufuli ya baiskeli."

"Na mke wako alisemaje?"

"Alisema nimtolee blanketi."

Nikachukua simu, nikampigia binti yangu. Ililia mara kadhaa kabla hajapokea, na nyuma yake nikasikia kelele za wodi.

"Uko kazini?"

"Niko kazini, Baba. Kuna nini?"

"Mzee wa mtu wako yuko hapa."

"Mfalme?"

"Hakuna mfalme hapa. Kuna fundi wa mabomba, ananilowesha kochi. Ameniambia."

"Ya pombe?"

"Ya pombe."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema waje Jumamosi, na huyo mtu wako avae shati. Ile fulana yake imenikwaruza sakafu."

"Jumamosi nina zamu," akasema, na sauti ikawa inamkatika.

"Basi Jumapili. Baada ya kanisa. Mwambie shangazi yako mwenyewe, mimi sina nguvu ya maneno yake."

Alitaka kusema kitu kingine lakini mgonjwa akamwita, nikamwambia aende. Nilipoweka simu chini, yule mzee alikuwa ameshalala kwenye kochi, mdomo wazi, mkono mmoja kwenye ubavu wake uliovunjika, matope ya viatu vyake yametengeneza ramani kwenye zulia. Ningemwamsha. Lakini nilikuwa nimeanza kuvua viatu vyangu, kimoja kimetoka, cha pili kimegoma, nikaona hata hicho kinaweza kungoja.